Muulize Shangazi wa Bustani: Mashine ya kunyonya majani kwenye mchanga wa Dodoma

Mbukwenyi wasomaji. Toleo lililopita niligusia, kwa mistari michache tu, kile kifaa cha kunyonya majani kinachofungwa kwenye bloa, yaani mashine ya kupulizia majani, au nyuma ya mashine ya kukatia nyasi. Nikaomba waliokinunua waniambie kama kimewafaa au kimewalia hela. Sikutegemea barua zingekuwa nyingi hivi. Nadhani ni msimu wenyewe: kiangazi kikishika, upepo wa Dodoma hauna adabu, miarobaini na mijohoro inapukutisha, na kila mwenye uwanja anaamka anakuta kazi ya jana imerudi palepale.

Niseme msimamo wangu mapema ili msinizungushe. Kifaa ni kizuri, mimi mwenyewe ninacho huku Miyuji na sikiuzi. Lakini waliokibuni walikuwa na zulia la nyasi chini ya mti. Sisi chini ya mti tuna mchanga. Karibu malalamiko yote niliyoyasoma mwezi huu yanaanzia hapo.

Shikamoo Shangazi. Nina nyumba ya wageni Area D, uwanja una miarobaini minne na jakaranda moja kubwa getini. Mwaka jana nilinunua Kariakoo bloa ya petroli yenye kifaa cha kunyonyea na mfuko wake. Pale dukani iliwashwa ikanyonya hadi risiti zilizokuwa mezani. Huku Dodoma haikuwahi kuvuta kama kule, lakini mwanzoni ilijitahidi. Sasa inanguruma tu, majani inayaacha, na ndani kuna mlio kama kokoto kwenye debe. Fundi amebadilisha plagi mara mbili. Je, niliuziwa feki? — Mama mwenye wageni, Area D

Marahaba mama. Usimtukane muuzaji bado.

Tuanze na ile tofauti ya Dar na Dodoma, maana si wewe peke yako uliyeiandika. Kariakoo iko karibu na usawa wa bahari, sisi tuko juu kwa mita 1,100 na ushee. Hewa ya huku ni nyepesi. Injini ndogo yenye kabureta hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo hadi inashuka kwenye basi hapa imeshaacha njiani karibu sehemu moja ya kumi. Na kwa kuwa kabureta iliwekwa kwa hewa nzito ya pwani, huku inamimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Plagi inakuwa nyeusi na kulowana. Fundi wako anabadilisha plagi wakati ugonjwa uko kwenye kabureta. Mwambie apunguze petroli kidogo kwenye skrubu ya mwendo wa kasi, kama mashine yako inayo, na asipitilize: petroli ikipungua mno injini inachemka na pistoni inakwaruzika. Akiwa hapohapo atazame chujio la hewa. Nina hakika litatoka na rangi ya udongo wa Area D.

Halafu oili ya kuchanganya. Hujaniambia unachanganyaje, ila najua watu wa hapa wanavyofanya: kijana wa sheli anamimina kwa jicho. Soma kitabu cha mashine yako. Kikisema 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. Kikisema 25 kwa 1, ni mililita 40. Nenda duka la dawa, nunua bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, liishi kwenye boksi la mashine. Oili ikizidi, ule wavu mdogo ndani ya ekzosi unaziba kwa masizi na mashine inakosa pumzi hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Sasa ule mlio. Ndio ulionifanya niiweke barua yako ya kwanza. Kwenye kunyonya, majani hayapiti pembeni ya feni, yanapita katikati yake. Feni ndiyo inayavuta, inayakata, inayasukuma mfukoni. Maana yake kila kinachoingia mdomoni kinagonga feni hiyohiyo: jani, kijiti, ganda la jakaranda, kifuniko cha soda, mchanga. Jani haliiumizi. Mchanga unaisaga kidogo kidogo kila siku, ncha za mapanga zinalika, nafasi kati ya feni na nyumba yake inaongezeka, na mvuto unapungua bila injini kuwa na kosa lolote. Kokoto moja ikivunja kipande cha panga, feni inakosa mizani na ndiyo huo mtikisiko na mlio. Zima, toa plagi kabisa, fungua mdomo, uizungushe kwa mkono huku unamulika kwa tochi. Ukiona panga limekatika usiendelee kuitumia hata siku moja, kwa sababu mtikisiko unahamia kwenye beringi za injini na hapo ndipo gharama inapokuwa kubwa. Feni nyingi ni za plastiki na zinauzwa peke yake kama spea. Kama kuna ya chuma inayoingia kwenye mashine yako, chukua hiyo.

Ukishapata feni mpya, badilisha na namna ya kufanya kazi. Usitembee uwanjani unanyonya jani mojamoja kutoka kwenye udongo. Anza na mrija wa kupuliza, sukuma majani yote mpaka juu ya pevingi za maegesho, au tandika turubai uyapeleke juu yake. Ukipuliza, mchanga mzito unabaki nyuma na majani yanatangulia. Hapo ndipo ubadilishe mirija. Najua hakuna anayependa kubadilisha mirija, barua tatu zimenilalamikia hilo, lakini ni kazi ya dakika chache na ndiyo inayookoa feni. Nyonya kutoka juu ya lundo, mdomo ukiwa umeinuliwa kiasi cha kiganja, na ule mkeka wa chini uliochanganyika na mchanga uachie fagio na kizoleo. Maganda ya jakaranda yaokote kwanza, yale ni mbao.

Mfuko nao utazame. Hewa yote inayoingia mdomoni lazima itokee kwenye vitundu vya kitambaa cha mfuko. Vumbi letu likiviziba, hewa haina pa kwenda na mvuto unakufa. Ugeuze nje ndani, ukung'ute, ukizidi uoshe kwa maji matupu na uuanike mpaka ukauke kabisa. Mfuko wa lita 45 ni kama ndoo mbili kubwa na robo, na kwa majani ya mwarobaini yaliyosagwa unabeba mengi kuliko unavyodhani. Mabango ya dukani huandika kwamba magunia kumi ya majani yanakuwa gunia moja. Kwa majani makavu makubwa inakaribia. Kwa vijani vya jakaranda, ambavyo vimeshakuwa vidogo tangu mtini, usitegemee.

Na kwa kuwa una wageni, naamini kuna jiko la nyama choma mahali fulani nyuma. Mtu yeyote asinyonye majivu wala vipande vya sigara. Kaa moja lililojificha ndani ya jivu, likapita kwenye feni, likaingia kwenye mfuko uliojaa majani makavu mgongoni mwa kijana wako: sitaki kuisoma barua hiyo.

Shangazi shikamoo. Mimi ndiye mfanyakazi. Bosi kanunua hiyo mashine akasema kazi ya siku nzima sasa nitaimaliza kwa saa moja. Bega linauma, masikio yanalia mpaka usiku, nikipenga kamasi ni nyekundu kwa vumbi. Nikisema naonekana mvivu. — Wa mtaa wa Kisasa

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma kwa sauti mezani nyumbani, na jibu langu namwandikia bosi wako. Mpe ukurasa huu.

Bosi, habari za kazi. Mashine ndogo ya petroli, kwa aliyeishika, inafika sauti ya desibeli 100 hivi. Sauti ya desibeli 85 ndiyo mtu anaweza kuivumilia kwa saa 8 bila kuumia masikio, na kila ikiongezeka desibeli 3 muda huo unakatwa nusu. Piga hesabu mpaka 100, utabaki na dakika 15. Kwa hiyo viziba masikio si anasa, ni sehemu ya mashine kama lilivyo tangi. Nunua vile vya kufunika sikio lote. Barakoa iwe ya kuchuja vumbi hasa, maana kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi laini la huku, na ndani ya majani hayo kuna kinyesi cha ndege kilichokauka. Miwani pia.

Mkanda wa begani upite kifua kizima, usining'inie bega moja. Mashine na petroli yake ni kilo sita hivi kabla jani la kwanza halijaingia. Amwage mfuko ukifika nusu.

Na hiyo habari ya saa moja, bosi, aliyekuambia alikuwa anauza. Penye pevingi, pembeni mwa michongoma, kwenye ngazi na chini ya madirisha, mashine inashinda. Kwenye uwanja mpana wa mchanga, mtu mwenye reki anaimaliza kazi hiyo mapema kuliko mwenye mashine, na bila kelele. Mwachie kijana achague wapi atumie nini. Kazi hii aifanye asubuhi kabla upepo haujaanza, lakini si saa kumi na mbili majirani wamelala.

Wewe wa Kisasa, ukimaliza kazi osha uso na pua kwa maji mengi. Mlio wa masikio ukiendelea siku kadhaa hata bila kushika mashine, nenda hospitali, usingoje.

Shangazi, hosteli yetu iko Iyumbu, eneo kama ekari mbili, nusu nyasi nusu udongo mtupu. Tunayo mashine ya kukatia nyasi ya kukalia. Kuna muuzaji ana kigari cha kufunga nyuma, chenye mpira mkubwa na injini yake, anasema kinaingia mashine yoyote. Bei inatisha. Tununue? — Msimamizi, Iyumbu

"Kinaingia mashine yoyote" ni maneno ya kumfanya mtu mzima achukue futikamba. Pima kwanza pini ya kuvutia iliyoko nyuma ya mashine yenu. Kisha pima ule mdomo wa pembeni unaotema nyasi, kwa sababu kigari hicho kinavalishwa hapo kiunganishi cha plastiki kinachopokea mpira. Vifaa vingi vya namna hii vimetengenezwa kwa sahani za kukatia zenye upana wa inchi 42 mpaka 54 hivi. Ikiwa yenu ni nyembamba, au mdomo wake uko nyuma na si pembeni, mtaishia kutoboa bati na kufunga kwa waya. Na muulize ikiwa kiunganishi kimo kwenye bei. Msomaji mmoja wa Singida mjini, msimamizi wa shule, ameniandikia kwamba kigari kilifika kikiwa kimekamilika isipokuwa hicho, na alisubiri kiagizwe hadi majani yakaisha kwenyewe.

Huyohuyo wa Singida anasema kikifanya kazi, kinafanya kazi. Nyasi na majani vinapita kwenye visu, vinavutwa na feni ya injini ya pili, vinarushwa kwenye kigari, naye hashuki kitini. Kero yake ni mpira kuziba kwenye kona, hasa kwa maganda marefu ya mkrismasi, na kila ukiziba lazima azime injini zote mbili, ashuke, auchomoe. Sasa anatanguliza mwanafunzi mwenye kiroba kuokota maganda. Mvua zikianza hakitumii kabisa mpaka majani yakauke, kwani yaliyolowa yanaganda ndani ya mpira.

Kwenu Iyumbu ninachoogopa ni ile nusu ya udongo mtupu. Visu vya mashine ya kukalia vikizunguka juu ya udongo vinainua vumbi lote la hosteli, vinafanywa butu, na mawe yanaruka. Wanafunzi wanapita hapo. Kwa hiyo mkikinunua, kiwe kwa ajili ya nyasi tu, na muulize kama kina mkonga wa mkono, yaani mpira wa ziada wa kushika na kunyonyea malundo. Ukiwapo, ile nusu nyingine vijana wanakusanya kwa reki, kigari kinasimama kando, mnanyonya malundo. Usipokuwapo, kwa ekari mbili ambazo nusu yake si nyasi, mimi nisingetoa hela hiyo.

Tazameni pia injini yake. Ikiwa ni ya aina ileile inayofungwa kwenye pampu za maji za umwagiliaji, spea zake mtazipata hapahapa mjini. Ikiwa ni ya ajabu ajabu, kila kitu mtaagiza. Na jaribio lifanyike kwenu, kwa majani yenu. Akikataa kukileta, mmeshapata jibu.

Shangazi mambo? Mimi kijana wa Nkuhungu, nina mtaji mdogo. Nataka mashine ya umeme ya wati 2,500 yenye mfuko, nizunguke Ilazo na Kisasa nikisafisha viwanja vya watu. Unanishaurije?

Poa ni kwa wenzako, kwangu ni shikamoo. Nimekusamehe kwa sababu unatafuta kazi.

Wati 2,500 ni uniti mbili na nusu kwa saa, na uniti hizo ni za mteja. Nimewaona wenye nyumba wakitoka kusimama kwenye mita ya LUKU fundi akiwasha grainda, sembuse mashine ya majani. Mwambie kabla, au umpunguzie bei. Pili, mashine hiyo inavuta karibu ampea 11. Ukiileta na ekstensheni ya waya mwembamba wa redio, umeme unafika umechoka, mota inachemka, na waya unayeyuka kwenye kibanda cha mlinzi. Nunua waya wa milimita 1.5, na kama unavuka mita 25 uwe wa 2.5, na kila mara uukunjue wote kutoka kwenye kibiringi. Na umeme ukikatika umebaki umesimama getini kwa mtu na fagio huna. Beba fagio.

Lakini tuje kwenye biashara yenyewe. Kusafisha uwanja kwa siku moja mteja anaona ni kazi ya msichana wake wa ndani, hatakulipa vizuri. Uza kile ambacho hakuna mtu nyumbani anataka kukifanya. Hapa Dodoma mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka mzima, na kila mwenye akili anaikinga kwenye simtanki. Mifereji ya paa ya nyumba hizo imejaa majani ya miezi saba na kinyesi cha njiwa. Oktoba na Novemba gonga mageti, sema unasafisha mifereji kabla ya mvua. Kuna mirija mirefu yenye kona ya kunyonyea mfereji ukiwa umesimama chini, ulizia kama ipo kwa mashine unayoitaka kabla hujalipa. Majani yakiwa makavu yanatoka vizuri. Yakiwa yameshaota udongo, ni ngazi na mkono.

Na usiende kumwaga majani korongoni. Yakisagwa ni mali, endelea kusoma.

Je, mashine hii inafaa kukusanya majani ya mizabibu baada ya kupogoa? Shamba liko Hombolo.

Hapana. Mistari ya mizabibu ni mchanga mtupu, feni haitamaliza msimu. Zaidi ya hapo, sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, na majani yaliyopogolewa mara nyingi yana ubwiriunga. Ukiyasaga na kuyarudisha chini ya mizabibu ileile, unajipandia ugonjwa. Yakusanye kwa reki, yatoe shambani. Yale ya mwembe wa nyumbani ndiyo ya kusaga.

Shangazi, fagio la chelewa linauzwa bei ya soda mbili. Haya mengine ni kutafuta kazi ya kufanya na pesa. — Mzee wa mtaa wa Kikuyu

Shikamoo mzee. Kwa uwanja wa kawaida nakubaliana na wewe kabisa, na nusu ya walioniandikia wangekusikiliza wangekuwa na pesa zao. Ila fagio halisagi. Mimi sikununua mashine ili uwanja uwe safi, uwanja wangu una kuku saba na hautakuwa safi kamwe. Nilinunua kwa ajili ya kinachotoka mfukoni.

Mimi ni mwalimu Chamwino. Tulisaga majani kwa mashine ya kuazima tukaweka kwenye mashina ya mipapai na milimau ya shule ili udongo usikauke. Mchwa wamekuja kwa fujo, miche kadhaa imeliwa shina. Majani ndiyo yaliyowaita?

Mwalimu, ndiyo na hapana. Mchwa walikuwepo, Chamwino nzima iko juu yao. Mlichofanya ni kuwatandikia chakula kikavu chenye kivuli mpaka mlangoni mwa mche. Majani makavu yaliyosagwa ni matamu kwao kuliko yaliyo mazima.

Sogezeni majani yote kiganja kizima mbali na shina, pabaki udongo wazi unaoonekana. Halafu msitumie tena majani ambayo hayajaoza, kutoka mfukoni moja kwa moja. Yaozesheni kwanza, na hapa ndipo mashine inalipa. Jani zima la mwembe ni gumu, linakaa mwaka mzima linakutazama. Likikatwa vipande, vijidudu vya kuozesha vinapata pa kuanzia kila upande. Lakini majani makavu peke yake hayana nitrojeni ya kutosha: kaboni inaweza kuwa mara 50 ya nitrojeni, na lundo linaoza vizuri ikiwa mara 25 hadi 30. Kwa hiyo mnahitaji samadi, na Chamwino mbuzi si tatizo. Tabaka la majani, tabaka jembamba la samadi ya mbuzi, maji, tena majani.

Msirundike juu ya ardhi kama vitabu vya bustani vinavyosema. Vitabu vingi vimeandikwa mahali penye mvua. Huku lundo la juu linakaushwa na upepo kabla halijapata joto. Chimbeni shimo la kina cha goti, jazeni humo, funikeni kwa viroba vilivyolowa, na maji ya kunawia mikono ya wanafunzi yaelekezwe hapo. Geuzeni kila baada ya wiki mbili tatu. Shimo likiwa na unyevu na joto mchwa hawalipendi, wao wanataka kikavu. Mkiona mchwa shimoni, ujue maji yamepungua.

Majani ya mwarobaini changanyeni, yanasaidia kidogo dhidi ya wadudu ingawa watu wanayatangaza kupita kiasi. Ya mkaratusi yatengeni. Yana mafuta yanayozuia mbegu kuota, yanahitaji muda mrefu zaidi, na mikanda ya gome lake inajisokota kwenye feni ya mashine. Na kwa kuwa mliazima, kabla ya kuirudisha ung'uteni ule mfuko. Mwenye mashine atawaazima tena.

Nafunga mashine kuanzia Desemba mpaka mvua ziishe. Mwaka huu imegoma kuwaka. Kwa nini?

Petroli mliyoiacha tangini imekuwa gundi kwenye kabureta. Fundi aifungue, aisafishe. Mwakani kabla ya kuifunga mwageni petroli yote, halafu iwasheni iungurume mpaka ijizime yenyewe, ili na kabureta ibaki tupu. Mfuko uning'inizwe, usikunjwe ndani ya boksi, panya wanaupenda.

Shangazi, uwanja wangu Kondoa una migunga. Mfuko umetobolewa na miiba na zipu haifungi, vumbi lote linanirudia usoni. Mpya sijaupata. Naweza kushonesha?

Unaweza. Usiende kwa fundi cherehani wa magauni. Tafuta anayeshona viti vya magari au mahema, ana sindano nene na uzi wa nailoni. Mpelekee mfuko wa zamani kama kipimo. Kitambaa kiwe cha kupitisha hewa: ukiweka mdomo na kupuliza, uisikie pumzi upande wa pili. Turubai la plastiki halipitishi, mfuko utajaa upepo na mashine haitavuta. Chini, pale miiba inapogonga ikitoka kwenye mrija, aweke kitambaa mara mbili, na sehemu ya juu iachwe moja tu ili hewa itoke. Shingo ya mfuko, ile pete ya plastiki inayoingia kwenye mashine, aikate kwa uangalifu kutoka kwenye mfuko wa zamani na kuishonea kwenye mpya, maana hiyo hawezi kuitengeneza. Zipu mwambie atie ya hema yenye meno makubwa. Zile za nguo zinakwama mchanga wiki ya kwanza.